Kipaza Alipoishiwa Sauti

Fundi bomba huyu, jina lake la ubatizo wengi walishalisahau. Mtaa mzima ulimwita Kipaza, kwa sababu hakuhitaji kipaza sauti. Ukimpigia simu kuhusu choo kilichoziba, utahubiriwa kwanza, choo baadaye. Jumapili, wenzake wakiimba ndani ya kanisa, yeye alikuwa nje mlangoni na vipeperushi mkononi, akiwavizia wapita njia. Mkewe, mwimbaji wa kwaya, kila alipomtafuta kwa macho katikati ya wimbo aliambulia mgongo tu.

Aliyemshinda ni kinyozi wake. Miaka nenda rudi Kipaza alikaa kwenye kile kiti, shuka limefungwa shingoni, akimhubiria mwenzake kupitia kioo. Kinyozi aliitikia "ahaa" huku akipuliza nywele kwenye mashine, kisha akahamia habari za mpira. Hawakuwahi kugombana. Walipendana sana, kila mmoja akiamini kuwa mwenzake ndiye mbishi.

Basi, asubuhi moja baada ya mkutano mkubwa wa injili, Kipaza aliamka, akafungua kinywa, ikatoka hewa tupu. Daktari alimmulika kooni, akaguna.

"Usiseme. Hata kunong'ona, marufuku, mpaka nikuruhusu. Ukikaidi, sauti ndiyo basi tena."

Njiani mkewe alimshika mkono. "Pole, mume wangu," akasema, kisha akashindwa kujizuia, akacheka mpaka akasimama. "Nisamehe. Ni raha tu. Tangu unioe, leo ndiyo mara ya kwanza namaliza kusema ninachotaka."

Kipaza alimtolea macho. Halafu mabega yakaanza kumtikisika. Naye alikuwa anacheka, kimyakimya.

Jumamosi alikwenda kunyoa. Kinyozi alimfunga shuka, akasubiri mahubiri.

"Vipi, leo huniokoi?"

Kipaza akagusa koo, akatikisa kichwa. Kinyozi akazima mashine.

"Umepoteza sauti? Wewe?" Akamtazama kwa huruma ya kweli. "Na kesho kanisani je? Shemeji atakuwa mbele na kwaya. Mtu akikuuliza jambo, utabaki unapunga mikono kama unafukuza nzi. Nitakupitia, nikusemee. Ila usije ukazoea."

Kesho yake, Kipaza alifika kanisani na vipeperushi vyake. Mchungaji akavichukua taratibu, akamwonyesha benchi. Akaketi, kinyozi ubavuni. Hakukumbuka mara ya mwisho alipoketi wakati wa sifa. Hakuwa na mlango wa kulinda, wala mtu wa kumshawishi.

Kwaya ikaanza wimbo wa polepole wa kushukuru. Maneno yote aliyajua. Aliyatumia barabarani kukusanya watu. Sasa hakuweza hata kuyatamka, akayasikiliza. Ikamjia kwamba alikuwa amemtangaza Mungu kwa kila mtu, lakini na Mungu mwenyewe walikuwa wakisalimiana kama watu wanaopishana mlangoni kazini: hujambo, sijambo, nina haraka.

"Baba," akasema moyoni, "nimekukumbuka."

Machozi yakamtoka. Hakuyafuta. Kinyozi alihangaika mifukoni, akapata taulo dogo la kufutia wateja shingo, akampa. Kule mbele, mkewe aliona kwa mara ya kwanza uso badala ya mgongo, akakosa kuingia kwenye ubeti, mwenzake akamgusa kiwiko.

Wakati wa kurudi walitembea watatu. Kinyozi akasema:

"Ndugu yangu, ngoja niseme leo ambapo huwezi kunikatiza. Miaka yote hiyo ulikuwa kama mtu mwenye dawa ya mende anataka niinunue. Dawa nzuri, sikatai, ila kwangu sikuona mende. Leo nimekuona unampenda huyo Mungu wako. Sijui kama namwamini. Lakini nataka kujua ni nani anayeweza kumliza Kipaza bila kumpiga."

Kipaza akafungua kinywa. Maandiko ya miaka yote yalikuwa yamepanga foleni kooni. Mkewe akawahi kumziba kwa kiganja.

"Daktari!" akamkumbusha. Akamgeukia kinyozi. "Twende nyumbani, shemeji. Ninayoyajua nitakueleza. Nisiyoyajua tutamuuliza huyu akipona."

Walikaa mpaka jua likapoa. Kipaza alimimina chai na kukata mkate. Mkewe alisimulia jinsi alivyoanza kuamini, akiwa msichana, kando ya kitanda cha mama yake mgonjwa. Kisa hicho Kipaza hakuwahi kukisikia mpaka mwisho. Akaacha kisu, akasikiliza.

Sauti ilirudi, yenye mikwaruzo kidogo. Alirudi nayo sokoni kuhubiri, maana kunyamaza hakuweza. Lakini wakati wa sifa sasa alikuwa ndani, akiimba nje ya tuni, mpaka kinyozi akamuuliza kama daktari hawezi kumzuia tena. Vipeperushi vilisubiri mpaka ibada iishe.

Kinyozi hakubatizwa mwaka huo. Alikuja kila Jumapili, akisema anamsindikiza mgonjwa, na mkewe Kipaza alikuwa akiwawekea nafasi mbili kwenye benchi la mbele.