Ukurasa wa Mwisho wa Bi Tunu

Kwa wiki tatu nzima, wanawake waliogonga mawe kwenye karasha la mama Wegesa, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu kule Nyakunguru, walikosa raha kwa ajili ya mtu ambaye hajawahi kuzaliwa. Aliitwa Bi Tunu, fundi cherehani wa kwenye riwaya, ambaye mume wake alitoka kwenda kununua uzi akapotea miaka saba. Aliyewatia wazimu huo ni Zaitun, binti kutoka Nyamisangura, aliyefika na mfuko wa vitabu chakavu siku zile dhahabu ilipoita watu kutoka kila kona. Wenzake walikuja na sururu na makarai. Yeye alikuja na Bi Tunu.

Kila saa saba mchana, karasha lilipozimwa ili injini ipoe, Zaitun aliketi kwenye benchi la chini ya bati akasoma sura moja, na wasikilizaji wakamtunza vijisenti. Ndilo benchi lililomlisha. Akilikosa, anarudi kwa mjomba wake kuuza ndoo, na Zaitun alizichukia ndoo kupita kiasi. Tena alikuwa na mwiko wake: hasomi mbele. Alitaka sauti yake itetemeke pale pale roho za wenzake zinapotetemeka.

Siku ya sura ya mwisho, hapo ndipo kijana Faridu alipofika kutoka Sirari, kanyoa kiduku, kishikwambi mkononi.

"Shikamoo mama," akamwambia mama Wegesa. "Humu ndani mna vitabu mia tisa. Na huyo Bi Tunu wenu yumo. Cha dada hapa kimetafunwa na panya. Nipe mimi hilo benchi."

Mama Wegesa alikuwa na sauti ya kusimamisha ng'ombe. "Marahaba, mura, kijana wangu. Atakayetufikisha mwisho leo, benchi lake. Mgeni, anza."

Zaitun akautazama mfuko wake. Vitabu mia tisa! Yeye alikuwa na kumi na kimoja, na kimoja hakina jalada.

Faridu akasafisha koo, akawasha kishikwambi, akakodoa macho. Jua la saa saba likapiga kiooni.

"Mbona husomi?" akauliza Mokami, mgongaji mkongwe kuliko wote.

"Naona pua yangu tu."

Wakamfunika kwa kanga. Humo ndani ikatoka sauti kama ya kuku aliyefungiwa tengani. Wakamwambia apaze, akapaza, na kishikwambi nacho kikapaza: pii! Chaji inakwisha. Nashoni, mwendesha karasha, akakichomeka kwenye jenereta na kuwasha mitambo. Chaji ikaingia vizuri, lakini kwa kishindo kile midomo ya Faridu ilicheza tu bila neno kusikika. Wakazima mitambo, neno likasikika, chaji ikakata. Wakawasha. Wakazima. Mara ya nne kishikwambi kikafa kabisa, na wanawake walikuwa wameshikana mbavu kwa kicheko. Zaitun alicheka mpaka akaona haya.

Zamu yake ikafika. Akasoma kwa raha zote mpaka pale mlango wa Bi Tunu unapogongwa usiku wa mvua. "Bi Tunu akashusha pumzi, akavuta komeo, akafungua. Na aliyesimama pale alikuwa..."

Akafunua. Jalada. Ukurasa wa mwisho haukuwepo.

Zaitun akapapasa mshono wa kitabu, pale palipochanwa. Kila mtu Nyakunguru anajua kwamba unga wa dhahabu haufungwi kwenye nailoni, maana unang'ang'ania humo. Unafungwa kwenye karatasi laini ya kitabu, mikunjo minne, basi.

"Nani amefungia dhahabu ukurasa wangu?"



"Si utumalizie kwa kichwa!" Mokami akalia.

"Sijui! Sijawahi kusoma mbele!"

Wakamgeukia Faridu. "Hata mimi sijui," akasema kwa unyonge. "Nilisoma majina ya vitabu tu."

Mama Wegesa alikuwa ameinua uso, anahesabu misumari ya bati, jasho linamchuruzika. Hakujua kusoma. Jumanne, alipoichana kitabuni afungie dhahabu, karatasi ile aliiona karatasi tu. Na Jumanne hiyo hiyo aliwaambia Mokami na wenzake kwamba magwangala, yale mawe ya mabaki waliyoyagonga kwa shirika tangu alfajiri, hayakutoa kitu. Angenyamaza tu, yangekwisha.

"Na mimi nataka kujua!" akapiga ukelele, akatumbukiza mkono kifuani, akachomoa karatasi yenye mikunjo minne.

Dhahabu ikamiminwa kwenye kisosi, njano tupu.

"Wegesa!" Mokami akaruka. "Si ulisema mawe yametoka kapa?"

Kelele zilizolipuka hapo zilimfanya Nashoni ajifiche nyuma ya injini. Kila mmoja ana nyundo, kila mmoja ana neno. Mokami akainua ya kwake juu.

"Nyamazeni! Dhahabu tutagawana, haina miguu. Zaitun, soma!"

Zaitun akaikunjua karatasi. Faridu alikuwa wa kwanza kusogea.

"...alikuwa mume wake, bunda la uzi mkononi. Akamtazama mkewe kuanzia utosini hadi miguuni, akasema: 'Umepika nini leo?' Mwisho."

Mokami akaanguka chini kwa kicheko, na wengine wakafuata. "Angemfungia mlango!" mmoja akapayuka.

"Yaani nimejiumbua mbele za watu," mama Wegesa akasema taratibu, "kwa ajili ya mwanamume anayeuliza chakula?" Naye akacheka mpaka kilemba kikadondoka.

Alipopata pumzi akamgeukia Faridu. "Vitabu mia tisa, mura, na hakuna hata ukurasa mmoja wa kufungia dhahabu. Benchi ni la Zaitun."

Zaitun aliruka akamkumbatia mama Wegesa, karatasi na yote. Ndoo za mjomba wakaziuze wengine!

"Ngoja," Mokami akasema. Akalowesha kidole, akaokota chembe ya mwisho iliyobaki kwenye mkunjo, akaitia kisosini. "Haya, kabandike."

"Na kesho uanze kingine," mama Wegesa akaamuru. "Ila ukurasa wake wa mwisho utakaa kwangu, usipotee."

"Hapana," akasema Mokami. "Utakaa kwangu."