Mbuzi Aliyekuja Kukagua Damu Yake

Haya ni kweli tupu; anayebisha akamuulize mbuzi mwenyewe.

Fundi wa maabara alikuwa ameinamia hadubini, akitazama kipande cha utumbo chembamba kuliko ganda la kitunguu. Kilikuwa cha mdogo wake, aliyelazwa wodini, tumbo limemkondesha hadi pete zinamchomoka vidoleni. Profesa wa maabara hiyo alikuwa akitafuta protini moja inayoliambia tumbo limeshiba na kuwatuliza askari wa kinga ya mwili. Ili ionekane, walitumia kingamwili kutoka damu ya mbuzi: hizo huing'ang'ania protini, kisha kingamwili za pili, zenye rangi ya kijani, huzifuata za mbuzi na kuwaka. Kipande kikiwaka ukingoni tu, mdogo mtu anapewa dawa ya majaribio. Kikiwaka chote, anaachwa nje.

Kiliwaka chote. Aliporudia, vilevile.

Ndipo mbuzi akaingia, yule aliyetoa damu, ambaye walimchinja damu yake ilipopungua nguvu. Akajifuta kwato mlangoni.

"Mwanangu, kabla ya yote ulikipaka nini?"

"Shikamoo, mama. Majimaji ya damu, ili rangi isinate ovyo."

"Ya nani?"

"Ya mbuzi."

"Basi umeipaka nyumba nzima damu yetu, halafu ukatuma polisi wa kijani akamate kila mwenye damu yetu. Atamwacha nani?"

Fundi akajishika kichwa. "Na mimi najiita fundi."

"Tumia ya punda. Yeye hana makuu."

Akatumia ya punda. Kikawaka ukingoni tu, mstari mmoja safi. Fundi alilia kidogo, akafuta hadubini.

"Asante, mama. Nikupe nini?"

"Nitajwe tu."

Ripoti ilipotoka ilimshukuru mfadhili, mkuu wa idara, hata aliyetengeneza kiyoyozi. "Tukimtaja mbuzi tutachekwa," Profesa alisema, akaagiza chupa nyingine ya kingamwili. Safari hii ilitoka kwenye damu ya binti wa yule mbuzi. Fundi akawa anamshukuru mbuzi yeye mwenyewe, kwa mdomo, kila anapofungua friji. Na mbuzi, siku ile alipotoka maabara, alikwenda zake moja kwa moja, hakupita popote.

"Muongo," anasema mdogo mtu, mashavu yamejaa, ameketi mkahawani katikati ya wasikilizaji wa Babu. "Alipitia wodini akanifunika shuka. Babu, ukisimulia wema wa mtu usiukatekate. Haya, faini ya uongo: tuagizie chai."

Babu kashikwa. Anaagiza ya wote, kisha anamwomba mhudumu aongeze kikombe kimoja, akiweke pale karibu na mlango.