Kimya cha Sekunde Arobaini

Basi la Itigi lilikuwa limeshaipita Ikungi, na konda bado alikuwa anaulizia lile sanduku.

"Mwalimu, humo kuna nini? Bunduki?"

"Klarineti ya besi," akasema Mwalimu Stefano.

"Ndiyo nini?"

"Filimbi. Ila hii imekula ikashiba."

Abiria wakacheka. Luciana, mwanafunzi wake, hakucheka. Alikuwa anahesabu kimoyomoyo.

"Na huyu binti anaenda kupiga muziki gani?"

"Wa kisasa."

"Singeli?"

"Huu hauchezeki."

"Sasa faida yake nini?"

Stefano alikuwa akiulizwa swali hilo kwa miaka kumi na tisa. Akafungua dirisha.

Alifundisha klarineti ya besi katika chuo cha muziki pale Singida mjini, na mwisho wa mwezi alikuwa anastaafu. Mkuu wa chuo alikwishasema: Luciana akifaulu mtihani huu, atalirithi darasa. Asipofaulu, darasa linafungwa, maana mwalimu mwingine hakuna. Mtahini, Mama Winfrida, alikuwa anatoka Dar, na kwa kuwa basi lilipata kupinduka naye ndani, hakupanda tena ila treni. Ndiyo sababu mtihani ukaifuata reli mpaka Itigi.

Muziki wenyewe ulikuwa wa dakika kumi na mbili, wa mpigaji mmoja. Kuna mahali unapiga kwa ulimi ule mwanzi mwembamba wa mdomoni, kuna mahali unagongagonga vitufe bila kupuliza, kuna mahali unapuliza huku unaimba kooni, zikatoka sauti mbili. Na katikati kuna kimya cha sekunde arobaini. Mpigaji anabaki na chombo mdomoni, hatikisiki. Kimya hicho kina alama zake kama noti, na kanuni iko wazi: anayekivunja ameanguka.

Kwa miaka mitatu Stefano alimfundisha kunyamaza. Alimwangushia mifuniko ya sufuria kisogoni, akamwachia kuku darasani. Mwishowe Luciana hakupepesa hata jicho.

Basi liliposimama Mkiwa, Stefano akamwita mama mmoja aliyekuwa anauza vitunguu.

"Mpelekee salamu Mzee Mughwai. Mwambie mjukuu wake anapiga leo Itigi, ukumbi wa parokia, saa nane."

"Babu wa nini tena, mwalimu?" Luciana akauliza.

"Si ndiye aliyekulea? Akusikie hata mara moja."

Ukumbini walikuwepo watu kama thelathini, wengi wanakwaya, wengine hawakuwa na pa kwenda. Mama Winfrida aliweka saa yake mezani. Luciana akaanza. Alipofika penye kugonga vitufe mtoto mmoja akacheka, akafinywa. Kisha kimya kikaingia.

Sekunde ya kumi na mbili mlango ukalia. Mzee Mughwai akaingia na fimbo yake, vumbi la bodaboda mpaka kwenye nyusi. Akaja moja kwa moja mbele, akasimama kati ya mjukuu wake na meza ya mtahini. Hakuwa mtu wa kukaa kabla hajaamkiwa. Watu thelathini, kimya. Akawatazama kama mtu aliyefika kwenye msiba asiambiwe nani kafa.

Stefano alikuwa na miaka sitini, mzee themanini na kitu. Magoti yaliinuka kabla ya akili.

"Shikamoo, mzee."

Luciana akatoa chombo mdomoni. "Shikamoo, babu."

"Marahaba. Nilidhani mmekufa. Endeleeni."

Ukumbi mzima ukafuata, benchi kwa benchi. Mama Winfrida naye akaamkia, kwa sauti ndogo, ndipo akaisimamisha saa. Luciana akapiga dakika zilizobaki, akazipiga namna Stefano hakupata kumsikia. Haikusaidia kitu.

Baadaye mtahini akawaita mezani.

"Mwalimu, huu muziki mpya na mimi siujui wote. Hiyo shikamoo imeandikwa?"

Karatasi ya noti ilikuwa chini ya kiganja chake, imelala kifudifudi, na wala hakuigeuza. Stefano akaelewa kwamba amefunguliwa mlango. Akafumbua mdomo.

"Haijaandikwa, mama," Luciana akasema. "Nilimwamkia babu yangu."

"Ungeweza kungoja. Zilibaki kama sekunde ishirini tu."

"Ningeweza. Ila angesimama vile mbele za watu kwa ajili yangu."

Mama Winfrida akaandika. Hakuandika kwa muda mrefu.

Nje, Stefano akasema, "Ungeniachia nijibu mimi. Kosa nimelianza mimi."

"Ungejibuje, mwalimu?"

Stefano akalibeba sanduku.

Darasa lilifungwa mwezi uliofuata. Klarineti iliwekwa stoo, na kiangazi cha pili mti wake ukapasuka. Stefano analima alizeti Ikungi. Mama Winfrida amestaafu, anaishi na dada yake. Mzee Mughwai alifariki mwaka jana; mpaka mwisho alikuwa akiwaambia watu wa Mkiwa kwamba mjukuu wake anapiga vizuri, ila Itigi hakuna adabu, mpaka usimame ndipo wakuamkie. Hakuna aliyemweleza. Luciana alipiga saksafoni kwenye bendi ya harusi kule Shelui miaka miwili, kisha akaurudia mtihani Dar kwa chombo cha kuazima, akafaulu. Anafundisha watoto filimbi Morogoro. Klarineti ya besi hana.