Foki Mpya ya Mbayuwayu

...na yamelingana, matundu yote mawili, hayakupishana hata unywele, wiki nzima Fundi ameomba yasilingane, ameomba foki hii mpya, uma unaoshika gurudumu la mbele, ije na tundu huku na kalipa ya breki, kile kibano cha diski, ibaki kule, ili amwambie binti yake kwa uso wa huzuni, pole, mama, haiingii, baiskeli ya milimani basi tena, lakini chuma hakimjui mzazi, boliti zimeingia kama zimefika kwao, na sasa amechuchumaa uani, spana ya L mkononi, gurudumu la mbele mbele ya pua yake, na kazi iliyobaki ni ndogo, boliti unaziacha zimelegea, mtu anabana kishikio cha breki kwa nguvu, kalipa inajipanga yenyewe juu ya diski, unakaza, kwisha, "Bana, mama," anasema, na binti aliyeshika usukani anajibu, "Nimebana," na Fundi, kwa mazoea tu ya kutomwamini mteja, anasukuma gurudumu kwa kidole, nalo linazunguka... taratibu, diski inakwaruza pedi, kss, kss, lakini linazunguka. "Bana sawasawa." "Si nimebana, baba, kaza basi"... hewa, ni hewa, imeingia kwenye mpira wa oili, mpira ukiwa na hewa breki inakuwa laini kama uji, au pedi zimeshika grisi, vidole vyake hivi vichafu, atazifuta, atazipiga msasa... lakini anamdanganya nani, sasa hivi tu, kabla hajamwita, alibana mwenyewe na gurudumu likaganda kama limepigiliwa misumari, breki ni nzima, foki ni nzima, kibovu ni ule mkono wa kulia, mkono wa mtoto wake, haya, amelisema, ingawa moyoni.

Na kumbe alikuwa akiona siku zote, macho hayana pazia, tangu foki ya zamani ilipokatika kwenye mteremko wa machimbo na binti akatua kwa bega, shingo ikavutika, mkono wa kulia ukalala, daktari akasema mishipa ya fahamu ina mambo yake, huamka ikitaka, mpeni muda, na siku moja binti mwenyewe akawaita mezani, tazameni, vidole vinacheza, wakacheka wote kama wendawazimu, mkewe akaenda kulia jikoni, ila vidole kucheza ni jambo moja na kubana ni jingine, mbona hakuliwaza hilo, yeye fundi, mbona aliona soda ikifunguliwa kwa meno akanyamaza, na wale wageni binti aliowapa kiwiko wakisalimiana, eti samahani, mkono una unga, siku ambayo hakuna aliyepika nyumbani, na baba mtu akacheka, akasema huyu binti hakosi kisingizio. "Hiyo breki itashika kweli?" mkewe anauliza kutoka dirishani, yule yule aliyeapa kwamba siku mtoto akianguka tena asiitwe, mtengenezaji ajililie mwenyewe, na Fundi anafungua mdomo, lakini binti amemtangulia, "Itashika, mama, usiwe na wasiwasi," sauti nyepesi, ya uongo... angeweza kuihamishia breki hii kushoto, zote mbili zikae kushoto, mbinu zipo, mafundi hawashindwi, lakini usukani je, kule chini mawe yanaukwanyua usukani hata kwa mwenye mikono miwili, huyu ataushika na nini, na jina la mashindano keshaandikisha, wenzake walikuja jana hapa hapa uani wakipiga kelele Mbayuwayu anarudi, Mbayuwayu anarudi, jina walilompa kwa anavyokata kona, naye akawa anacheka, mkono wa kulia mfukoni.

"Umekaza?" "Bado." Anainua macho kidogo, atazame kishikio tu, halafu anaona vile vidole vinne juu yake, vimepauka, vinatetemeka, na bega zima limeinama kuvisaidia, na meno yameuma mdomo, na kutoka upande wa pili mkono wa kushoto unakuja juu ya usukani, polepole, kama wa mtu anayeiba, unaufunika ule wa kulia, na diski inaacha kukwaruza... basi binti anajua, anajua kuliko wote, amekuwa akijua peke yake, na Fundi anashusha macho upesi, heri aonekane mjinga kuliko aonekane ameona, anakodolea boliti ambazo maji ya macho yamezifanya ziwe tatu, nne, na aibu inampanda hadi masikioni, kwa sababu wiki nzima alikuwa akiomba asiende, na amejibiwa, amejibiwa hivi, lo, kumbe hakuwa akiomba hivi, yarudishwe yote, matundu na yapishane, foki na ivunjike, lakini mkono urudi, aende kule machimboni, ashuke, apige kelele, hata aanguke, ndiyo, hata aanguke tena, mradi ainuke na kujipangusa vumbi kwa mikono yote miwili, "Baba, kaza basi, nachoka," na hajawahi kumsikia akisema anachoka, "Nakaza, mama," anasema, na spana bado haijageuka.