Mama Mkwe na Maji ya Sikio

Mama mkwe wangu, Bathsheba, alipofuka akiwa mtoto, lakini hakuna aliyewahi kumshika mkono. Hapa Lambwe alitoka mlangoni, akakata kona penye zizi, akafika kisimani na kurudi na mtungi kichwani, bila kupapasa. Nikimuuliza anajuaje njia, hunijibu, "Phanice, mdomo wako haupumziki? Kichwa kinajua." Mimi ni msemaji, sikatai. Tangu niolewe alikuwa akinisihi ninyamaze.

Mwaka wa tisini na tano akaugua kifua kikuu, akawa anachomwa sindano kila siku. Kikohozi kikapungua. Ila asubuhi moja nilimkuta ameketi juu ya kitanda changu na mume wangu Elkana, anapapasa shuka, akidhani yuko kwake. Nilipiga nduru. Mama kuketi kwenye kitanda cha mwanawe aliyeoa! Kwetu huo ni mwiko, na mwiko huleta chira, ule ugonjwa wa laana. Wazee wa ukoo wakaja, wakaamua ahamie kwa binti yake Caren, aliyeolewa kule Ogwedhi, kabla hajarudia.

"Nikafie kwenye boma la wakwe?" Mama akalia. Mjane wa Kijaluo huzikwa kwenye boma la mumewe. Sikuwahi kumwona akilia, na iliniuma.

Chira haikuniingia akilini. Nikamfuata uani, nikamchunguza. Akienda moja kwa moja, alipepesuka lakini alifika. Akigeuka tu, alipotea; alisimama mbele ya ukuta akisema anaelekea lango. Nikafumba macho, nikajizungusha. Mimi nilijua nimegeuka. Yeye hakujua. Kwa nini?

Nikaenda zahanati kumuuliza Daktari Nyamweya. Akacheka, kisha akazungusha kikombe chake cha chai mezani. Kikombe kiligeuka, majani ya chai yakabaki nyuma.

"Umeona? Ndani ya sikio kuna maji kama haya. Ukigeuza kichwa, maji inachelewa, inasukuma vinywele vidogo sana, ndio ubongo unajua umegeuka na uende wapi. Hizi sindano wakati mwingine zinaua hizo vinywele. Mwenye macho angejisaidia nayo. Huyu mama hana."

"Vitaota tena?"

"Hapana. Dawa nitabadilisha, lakini ile imeharibika imeharibika."

Nilirudi nimefura kwa hasira. Nikawaita wazee mlangoni kwa Mama, nikawaonyesha kikombe, nikaeleza yote. Jared, mkubwa wao, akasikiliza vizuri.

"Sawa, si chira," akasema. "Lakini kesho akiketi tena kwenye kile kitanda?"

Kwa mara ya kwanza nikafunga mdomo, na boma zima likawa kimya.

Mama, aliyekuwa amesimama uani, akageuka arudi kwake. Akaelekea moja kwa moja kwenye mlango wangu. Wazee wakashika vichwa. Katikati ya njia akasimama.

"Phanice, uko wapi?"

"Niko hapa kwako, Mama, mlangoni, na uji wako unapoa, kuni zenyewe alizoleta Elkana ni mbichi, moshi umenitoa machozi tangu..."

Uso wake ukageuka polepole kuifuata sauti yangu. Akaja akipepesuka, mbele ya macho ya wazee wote, hadi akanigusa bega. Kwa mshangao nikanyamaza.

"Nani amekuambia unyamaze?" akafoka. "Ongea, mtoto wangu. Bado sijafika kwenye kiti."