Ratiba ya Aflah

"Nisomee tangu mwanzo," alisema Bi Kheiria, akiitandaza karatasi juu ya meza kwa viganja viwili, kama mshonaji anayenyoosha kitambaa kabla ya kukikata. "Usiruke hata mstari."

Mildred aliitambua karatasi ile hata kabla haijageuziwa upande wake. Ilikuwa kazi yake mwenyewe: siku saba katika kisiwa cha Jeju, Korea, kila siku na kisanduku chake, na pembeni vipicha vidogo vya basi, feri na kitanda. Ilikuwa imekunjwa na kukunjuliwa hata mikunjo ikaanza kutoboka. Juu kabisa palikuwa na jina la msafiri, Aflah bin Mahfoudh.

Aflah alikuwa mfamasia wa miaka ishirini na tisa, mwana wa pekee wa mjane huyu wa mtaa wa Ansab, Muscat. Mwisho wa Mei alikwenda kutembea, akamwahidi mama yake kwamba Idi Kubwa wataila pamoja. Alirudishwa siku ya Arafa, siku moja kabla ya Idi hiyo, ndani ya sanduku. Pikipiki ya kukodi ilikuwa imemteleza kwenye kona yenye mvua, pwani ya mashariki ya kisiwa. Sasa miezi minne imepita, na mama yake amekuja peke yake, amevaa abaya isiyo na nakshi, katika ofisi ya wakala wa safari pale Khuwair.

Nyuma ya kioo, Saud, mwenye ofisi, alikuwa amesimama na simu sikioni, lakini hakuwa akizungumza na mtu. Dakika tano kabla alikuwa amemwita Mildred pembeni.

"Mpe maji, mpe pole, msomee anachotaka," alimwambia. "Ule ujumbe usiutaje. Ukiutaja, mimi sitakuwa na la kukusaidia."

Na msaada wa Saud haukuwa kitu kidogo. Mildred alikuja Muscat kutoka Butere miaka sita iliyopita, kusafisha ofisi hii hii. Alijifunza kazi huku akipangusa vumbi chini ya skrini, akisoma majina ya viwanja vya ndege kwa midomo iliyofumbwa, mpaka siku moja Saud alipomsikia akimsahihisha mwenzake kuhusu feri ya kisiwa fulani cha Japani. Wiki iliyofuata alipewa kiti. Kibali chake cha kukaa nchini kilikuwa na jina la Saud kama mdhamini.

"Siku ya kwanza," Mildred alianza kusoma. "Kufika Jeju saa tano asubuhi. Basi la uwanja wa ndege hadi mjini. Mapumziko. Jioni, soko la Dongmun."

"Alinipigia kutoka hapo sokoni," Bi Kheiria alisema. "Akanionesha machungwa. Chungwa moja kama kichwa cha mtoto. Haya, endelea."

Siku ya pili ilikuwa ya mlima Halla, njia fupi, kwa sababu Aflah alikuwa na goti bovu. Siku ya tatu, maporomoko ya maji upande wa kusini. Mildred alisoma polepole, na kila mahali Bi Kheiria alikuwa na la kuongeza: hapa alilalamika viatu, hapa alisali juu ya mwamba akiwa na koti la mvua. Ilikuwa kama wanawake wawili wanaosuka ukili mmoja, huyu akiongeza ukindu, yule akiongeza wake.

Walipofika siku ya tano, Bi Kheiria aliinua mkono.

"Hapa. Soma taratibu."

"Siku ya tano. Asubuhi, mapango ya Gimnyeong. Mchana, basi nambari mia mbili na moja hadi Seongsan. Kuangalia wanawake wanaozamia baharini."

"Basi," Bi Kheiria akasema. "Umeandika basi. Siku zote saba umeandika basi."

"Ndiyo, mama. Aliniomba hivyo. Alisema pikipiki anaziogopa."

"Anaziogopa tangu yuko darasa la tatu. Binamu yake alivunjika mguu mbele yake." Alichezea pembe ya karatasi. "Mimi ndiye niliyempandisha pikipiki, mwanangu. Hilo ndilo nililokuja kulitazama kwa macho yangu, kama limeandikwa au halikuandikwa. Siku ile nilimpigia saa tatu asubuhi, kwao saa nane mchana. Nikamwambia, kimbia, uwahi kunionesha hao wanawake. Niliwaona kwenye televisheni, vizee wa miaka sabini wanazama bila ya mtungi wa hewa, wakitoka wanapiga mluzi. Bibi yangu kule Wete alikuwa akivua pweza, nami nikaingiwa na hamu kama mtoto mdogo. Nikamwambia, nna kiu ya kuwaona, usinicheleweshe. Basi akakimbia."

Hakulia. Aliyasema yote hayo kwa sauti ya mtu anayetoa ushahidi ambao keshautoa mara nyingi, usiku na mchana, mbele ya kadhi asiyekuwepo.

"Kila nikisali namwambia Mola, ulimi wangu," alimalizia. "Ulimi wangu huu."

Kwa miezi minne Mildred alikuwa ameubeba ujumbe ule kama jiwe ndani ya kiatu, akijiambia kwamba ni lake peke yake. Hakuwa amewahi kufikiri kwamba ukimya wake una mtu mwingine unayemlemea. Alitazama kioo. Saud alikuwa ameishusha simu, macho yamemkazia. Akatikisa kichwa mara moja tu, polepole.

"Mama Aflah," Mildred alisema. "Si wewe."

"Usinifariji. Wamenifariji wengi."

"Sikufariji. Kuna kitu sijakuambia."

Alifungua mkoba, akatoa simu yake, akateremsha mazungumzo ya miezi kwa kidole mpaka akafika. Aliweka simu juu ya kisanduku cha siku ya tano.

"Aliniandikia saa nne za hapa. Saa tisa mchana huko. Alikuwa kituoni. Ameniuliza basi linapita saa ngapi, ama kuna njia ingine. Ilikuwa wiki ya kuelekea Idi, watu walikuwa wamejaa hapa mpaka mlangoni, kila mtu ananiita. Sikuangalia ratiba. Nilimjibu tu."

Bi Kheiria alichukua miwani yake. Aliusoma ujumbe kwa kunong'ona, neno moja moja, kwa Kiswahili cha bara alichozoea kukichekea kwenye tamthilia: *Basi la huko huchelewa sana. Kodi pikipiki, ni karibu tu, utafika chapchap.* Chini yake, jibu la Aflah: *Haya, dada. Niombee.* Na kialama cha uso unaocheka.

"Na basi?" aliuliza. "Lilichelewa?"

"Nilikuja kuangalia baadaye, mama. Baada ya kusikia. Lilikuwa linapita baada ya dakika kumi na moja."

Mlango wa kioo ulifunguka. Saud alikuja hadi katikati ya ofisi, akasimama, tasbihi mkononi.

"Bi Kheiria, tafadhali," alisema. "Huyu binti amechoka. Ajali ni kadari ya Mwenyezi Mungu, hakuna—"

"Saud," Bi Kheiria alimkata, bila kugeuka. "Najua kadari ni ya nani. Kaa kimya."

Saud akabaki pale aliposimama. Kiyoyozi kilinguruma. Bi Kheiria alivua miwani, akaikunja, akaikunjua. Mildred alingoja. Alingoja matusi, alingoja kofi, alingoja ile laana ambayo mama mzazi hupewa haki ya kuitoa; na moyoni aliona kwamba lolote litakalokuja atalipokea akiwa ameketi wima.

"Dakika kumi na moja," Bi Kheiria alisema hatimaye. "Ningekuwa mimi niko pale ningemwambia kaa mwanangu, kunywa maji." Alimtazama Mildred usoni kwa mara ya kwanza tangu aingie. "Huko Jeju wewe umeshafika?"

"Hapana, mama. Sijawahi kupanda ndege ila ya kutoka Nairobi kuja hapa."

"Kwa hivyo unawaelekeza watu kule usikokujua."

"Ndiyo, mama."

"Na mimi namtuma mtoto mbio baharini nami nimekaa kwenye kochi Ansab." Alivuta pumzi iliyokatika njiani. "Sitasema nimekusamehe. Sijui. Nikikwambia sasa hivi nitakuwa muongo. Lakini umenipunguzia kitu, na umejiongezea mwenyewe, nami nimekuona ukifanya hivyo."

Machozi yalikuwa yakimdondokea Mildred kwenye mikono, naye hakuyafuta.

"Sasa nisomee hilo basi. Kutoka pale alipokuwa amesimama. Vituo vyote."

Mildred alifungua ramani kwenye skrini na kuigeuza. Vilikuwa vingi. Alisoma Gimnyeong, akasoma Woljeong, akasoma Sehwa, na Bi Kheiria akayarudia baada yake, akiyazungusha majina yale mdomoni kwa ulimi uliozoea kh na gh, akiyakosea, akiyarudia. Hado. Jongdal. Walifika Seongsan. Hapo akaweka kidole juu ya sehemu ya buluu ya ramani na kukiacha.

"Hapa ndipo wanapotoka majini?"

"Hapo hapo, mama."

"Niandikie na mimi safari hiyo. Siku hizo hizo saba. Kwa basi."

"Bi Kheiria," Saud alisema taratibu, "wewe hata basi la hapa Muscat hujawahi kulipanda."

"Kweli. Sijui hata linasimamishwaje." Alikunja karatasi, akaitia mkobani, akasimama. "Basi nitajifunza leo. Dereva wangu nimeshampa ruhusa aende zake."

Alitoka. Mildred aliangalia kiti chake, akamwangalia Saud. Uso wa Saud haukusema ndiyo wala hapana. Alikuwa ameugeuzia sakafuni. Simu ya mezani ilianza kulia. Mildred aliinuka akaiacha ilie, akamfuata yule mama nje.

Joto la Oktoba bado lilikuwa na meno. Waliketi kituoni, abaya nyeusi na sare ya buluu, huku magari yakipita barabara kuu kama maji ya mfereji. Basi jekundu lilipoonekana, Mildred alimwonesha jinsi ya kunyoosha mkono. Bi Kheiria aliunyoosha juu mno, kama anayemwita mtu aliye mbali.

Basi likasimama. Bi Kheiria alipanda ngazi kwa uangalifu, akamuuliza dereva kwa Kiarabu linakwenda wapi, akaambiwa Ruwi, akaitikia kama kwamba Ruwi ni mahali alipopakusudia siku zote. Alikaa upande wa dirisha, akaangalia nje, mbele, si nyuma.

Mildred alibaki ukingoni mwa barabara. Hakuwa ameambiwa apande, wala hakuwa ameambiwa abaki. Baridi ya ndani ya basi ilimgusa miguuni. Dereva alimtazama, kidole kikiwa juu ya kitufe cha mlango, akingoja.