Lenzi Ndefu Mlangoni

Siku Tusekile alipokuja kuomba picha, Damari alikuwa amezitandaza juu ya kanga lenzi mbili za kamera ya marehemu mumewe, anazifuta vumbi. Moja fupi na nene, iliyokunywa mwanga hata chumbani. Nyingine ndefu, iliyomleta mtu wa mbali mpaka puani, ila ilitaka jua la mchana.

"Jumamosi mwanangu Lutengano anapigana ngumi ukumbini," Tusekile alisema. "Jumatatu lori linamchukua, anakwenda migodini Joni, kule Afrika Kusini. Nataka uso wake tu, dada. Niwe na pa kutazama."

"Utaupata, Mungu akipenda."

"Mungu hana neno. Wewe je?"

Wakacheka.

Damari hakuwa mgeni wa kazi. Miaka sita alimshikia mumewe Sedekia mkoba kwenye harusi na ubatizo, na alipomzika akaishika kamera mwenyewe. Neno la mumewe alilijua: ndani ya nyumba chukua fupi, usogee karibu. Taa ya kumulika haikuwa na nafasi; Jailos, mwalimu wa ngumi, aliikataza isiwapofushe vijana wake.

Jumamosi akaifunga ile fupi kwenye kamera, akaingia ukumbini. Hatua ya tatu akasimama. Kwenye benchi la mbele, ubavuni mwa kamba, alikuwa amekaa mzee Asukile, baba yake Sedekia.

Kwa Wanyakyusa mwanamke hakai na baba mkwe chini ya dari moja, wala hamtazami usoni. Mchungaji alihubiri kwamba Wakristo wameyavuka hayo, na Damari aliitikia amina pamoja na wenzake. Lakini miguu haikuwa imesikia mahubiri. Ikamrudisha kinyumenyume hadi kizingitini, kanga usoni. Pale akaifungua ile fupi, akafunga ndefu.

"Shemeji, umetuletea bunduki?" Jailos alimtania, alikuwa rafiki wa Sedekia. "Sogea, huko giza."

"Hapa panatosha."

"Panatosha kwa kuku kutaga!"

Vijana wakacheka. Kengele ikagongwa.

Lutengano alipigana kama moto wa nyasi kavu, hakutulia hata kidogo, wala mapumzikoni hakuketi. Kila alipomnasa kwenye kioo Damari alibonyeza, akasikia kamera ikifunga jicho polepole, kama inavyofanya ikikosa mwanga. Aliujua mlio ule. Akamwomba Mungu aongeze palipopungua.

Filamu ikaenda Iringa kwa basi, kwa fundi Joachim aliyemfundisha Sedekia kazi. Ikarudi na barua: "Mama, bondia wako ni moshi. Mwenzake aliyeketi pembeni ametoka safi."

Ni kweli. Yotamu, aliyepigana na Lutengano, alikuwa ameketi mapumzikoni, akaonekana hadi jasho la paji. Lutengano alikuwa wingu lenye glavu mbili.

Damari akazitia picha sandukuni. Tusekile alipouliza, alijibiwa kwamba ziko Iringa bado. Kijana atarudi, Damari alijiambia, nami nitampiga nyingine juani.

Mwezi wa nne tangu aondoke, karani wa migodi akaleta habari. Mwamba uliwaangukia Lutengano na wenzake chini ya ardhi. Wamezikwa hukohuko.

Tusekile aliwaacha waombolezaji kwake, akaja mwenyewe, kanga kaifunga kiunoni.

"Dada, leo nipe. Sina maiti. Acha nimzike kwa macho."

Damari akafungua sanduku. Yotamu na Lutengano walinyolewa namna moja, walivaa bukta za aina moja. Kwa machozi yale, huenda mama angedanganyika walau kwa siku moja. Aliishika ile picha safi ya Yotamu. Akairudisha. Akatoa wingu.

Tusekile aligeuza picha juu, akaigeuza chini.

"Yuko wapi?"

"Ndiye huyo. Nilisimama mbali, mama. Baba mkwe alikaa mbele. Nami nikakuficha miezi yote hii."

"Mzee Asukile alitoka mara mbili kuvuta kiko. Mimi nilimwona. Wewe hukumwona?"

"Nilimwona."

"Ukabaki mlangoni."

"Nikabaki. Nilidhani lenzi ndefu ingetosha."

Tusekile hakupiga kelele. Alimrudishia picha kwa mikono miwili, kwa adabu, kama mtu anayempa mgeni kitu alichokisahau.

"Kaa nayo wewe. Mimi nitazika shati lake."

Kesho yake shati likazikwa. Damari alikwenda bila kamera. Wanawake wakampisha njia mpaka nyuma kabisa, na hakuna aliyemsalimu.